Fundi wa kiwanda cha mawese anapatikanaje? Maswali tunayoulizwa sana huku Kigoma

Nimeandika hii sababu maswali ni yale yale kila wiki. Wanapiga wazazi, wanapiga vijana waliomaliza form four, wanapiga wenye viwanda wenzangu, na kila ikikaribia likizo wanapiga walimu wa vyuo wanatafuta sehemu ya kupeleka watoto fildi. Mimi nina kiwanda kidogo cha kukamua mawese upande wa Simbo, mashine mbili, tunakuwa watu saba mzigo ukichanganya, na huu ni mwaka wa tisa napokea vijana wa kujifunza. Kwaiyo majibu haya ni ya mtu wa kiwandani, mwenye chuo angeandika kivingine.

Vijana wamejaa mtaani hawana kazi, halafu wenye viwanda mnasema hamna mafundi. Inakuwaje hiyo?

Ni kweli yote mawili. Mafundi wa kuchomelea wapo, wa injini za pikipiki wapo mpaka wanagombania wateja, ila fundi unayeweza kumwachia kiwanda cha mazao asubuhi ukarudi jioni ukakuta mafuta safi na mashine nzima, huyo utamtafuta kuanzia Mwandiga mpaka Ujiji. Sababu kubwa ni kwamba ufundi huu haupatikani mpaka vitu vitatu vikutane siku moja: mzigo wa chikichi uwepo, mashine iwe inazunguka, na awepo mtu anayejua kazi ambaye yuko tayari kukuachia ushike. Hicho cha tatu ndo kigumu zaidi na watu hawakisemi. Nimeona vijana wamekaa kiwandani miezi minne wamebeba kuni na kufagia makapi, wanaondoka na barua ya kuthibitisha walikuwa fildi, na mashine hawajawahi kuiwasha hata mara moja. Mzazi anaona mtoto alikuwa "kiwandani" na anashangaa mbona hajui kitu.

Kwani fundi wa mawese anatakiwa ajue nini hasa? Si ni kuwasha mota tu?

Hapana, na ngoja nieleze kwa kirefu maana hapa ndo watu wanapotudharau.

Kazi inaanza kabla ya mashine. Mkungu ukifika unauangalia: umekatwa umeiva (chikichi kadhaa zimeshaanza kuachia zenyewe) au mtu kawahi kuukata akiogopa wezi. Unauliza umekatwa lini. Hapo kuna jambo la kisayansi ambalo wazee wetu hawakuambiwa: tunda likishakatwa na kugongwagongwa, ndani yake kuna kimeng'enya kinaanza kuvunja mafuta na kuyageuza asidi, na kinaendelea hivyo mpaka moto ukizime. Sisi tumezoea kuacha mikungu siku tatu nne ili chikichi zipukuchuke kirahisi, na kweli zinapukuchuka kirahisi, ila kila siku asidi inapanda. Biashara kubwa ya mawese ghafi duniani inataka asidi isizidi asilimia 5. Kwaiyo fundi lazima ajue kuchagua: apumzishe mikono yake au aokoe mafuta. Hakuna mashine inayoweza kurudisha mafuta yaliyoshaharibika kwenye tunda, utayakamua tu vilevile yalivyo.

Halafu kuchemsha. Kwenye pipa huwezi kusema "masaa mawili" ukaishia hapo, inategemea kuni, inategemea pipa limejaa kiasi gani, inategemea tunda lenyewe. Tunapima kwa kidole. Unachota moja, unapuliza, unaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, nyama inatakiwa iteleze yote itoke kwenye kokwa na kucha ibaki na rangi ya chungwa. Ikibaki imeng'ang'ania, na karibu na kokwa unaona nyuzi nyeupe kavu, rudi uongeze kuni, usijidanganye.

Ndo sasa tunafika kwenye mashine. Mashine ya skrubu inalishwa chikichi zikiwa za moto, mafuta yanatoka kwenye matundu ya chini, makapi na kokwa zinatokea mbele. Mbele pale kuna koni unayokaza au kulegeza. Ukilegeza sana makapi yanatoka yamelowa, ukiyakamua kwa mkono mafuta yanachuruzika, hiyo ni hela yako inaenda jikoni kuwashia moto. Ukikaza sana unasikia ka-ka-ka, kokwa zinapasuka ndani, vipande vya ganda na mise (kiini cha ndani ya kokwa) vinachanganyika na mawese na umepoteza mara mbili. Katikati ya hapo kuna sauti. Mota ikiwa na mzigo sawa inaunguruma mfululizo kama mtu anayehema usingizini. Fundi mzuri anaongea na mteja huku sikio liko kwenye mashine, ikibadilika kidogo tu anageuka.

Mwisho kuyachemsha mafuta na maji, kuyaacha yatulie, kuyaengua, na kuyachemsha tena mpaka maji yaishe. Yakiwa bado na maji yanapasuka pasuka sufuriani, yakinyamaza umemaliza. Wengine wanayamimina kwenye dumu yakiwa bado yanapasuka sababu mteja kasimama getini, na baada ya mwezi mteja analeta dumu linanuka.

Hayo yote chuoni hawafundishi?

Baadhi. Chuo cha VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi) kinakupa umakenika, umeme, uungaji na uundaji vyuma, na sehemu nyingine usindikaji wa vyakula, na hiyo ni misingi mizuri sana, sitaki mtu asome hapa aone nakandia chuo. Kijana aliyetoka chuoni anajua kusoma kipimo, anajua kwa nini beringi inakufa, anajua kuzima swichi kubwa kabla ya kufungua. Wale tuliojifunzia mtaani tulijua hayo baada ya kuumia.

Shida ni kwamba tunda haliko karakana. Nitawapa mfano mmoja. Alikuja kijana ana cheti cha umakenika, kijana safi, anafungua beringi na kuirudisha bila kuuliza mtu. Siku ya tatu nikamwachia mashine nikaenda barabarani kupokea mzigo. Narudi nasikia mota inalalamika, mkanda unanuka. Alikuwa ameona makapi yanatoka yamelowa, akakaza koni, bado yamelowa, akakaza tena. Kwa chuma alikuwa sahihi kabisa, mashine ikikamua vibaya unakaza. Ila chikichi zilikuwa hazijaiva pipani, zile hata ukikaza vipi mafuta hayatoki, yako yamefungwa ndani ya nyama mbichi. Shafti ikapinda. Spea ikatoka Dar, na kutoka Dar mpaka huku kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, tukakaa siku kumi na moja bila kazi na wakinamama wana mizigo yao inaoza uani kwangu. Sikumfukuza, maana kosa lilikuwa langu, nilimfundisha mashine kabla ya kumfundisha pipa. Tangu siku ile kwangu mtu anaanza na moto wiki mbili, ndo anasogea kwenye mashine, hata awe na cheti gani.

Walimu nao tuwaelewe. Mwalimu ana wanafunzi wengi, ana mtaala, na wengi hawajawahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mazao, walitoka kusoma wakaingia kufundisha. Ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja ningeomba mwalimu mwenyewe aje akae kiwandani mwezi mmoja msimu wa mzigo kabla hajaleta wanafunzi.

Fildi ya chuo inakuja mzigo ukiwa mdogo. Tufanyeje?

Hili linaniuma sana. Mchikichi unazaa mwaka mzima lakini hauzai sawasawa, kuna miezi mapipa yanawaka usiku kucha na kuna miezi tunawasha mashine mara mbili kwa wiki. Kalenda ya chuo haijui hiyo habari. Vijana wanakuja wiki nane, kati ya hizo labda siku kumi na mbili ndo za kazi ya kweli, siku zilizobaki wanakaa kwenye benchi na simu.

Tunachofanya sisi ni kuongea na chuo mapema tuwagawe, wengine waje wakati huu wengine wakati ule, na kuna mwalimu mmoja alikubali vijana waje Jumamosi na likizo badala ya mfululizo, ikasaidia mno. Na siku za mzigo mdogo tunafungua mashine yote tunaisafisha, tunapima skrubu imelika kiasi gani, tunabadilisha mikanda. Hiyo ni kazi ya kujifunza pia, na msimu ukichanganya huwezi kuifanya maana hakuna anayekubali mashine isimame.

Umeme umeingia, hiyo inabadilisha chochote kwenye kujifunza?

Inabadilisha sana. Mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa miaka yote, tunategemea majenereta ya dizeli, mpaka 2022 ndo gridi ikaanza kuingia kupitia Kibondo na Kasulu. Viwanda vingi vilikuwa vinazungushwa na injini za dizeli, kwaiyo mafundi wa rika langu ni watu wa dizeli, tunajua nozeli, tunajua kutoa hewa kwenye mfumo, tunajua kuwasha injini asubuhi ya baridi. Ukituletea mota ya fezi tatu na boksi lake la kuwashia tunaanza kubahatisha. Mwenzangu mmoja aliunguza mota mbili mwaka mmoja kwa sababu fezi moja ilikatika na hakuwa na kifaa cha kuikinga, na hakujua kama kifaa hicho kipo. Hapa kijana wa umeme kutoka chuoni anamfundisha mzee, na wazee inabidi tukubali kukaa chini tufundishwe.

Hizi tenera za serikali zina uhusiano gani na mafunzo?

Uhusiano upo na wengi hawajaushtukia. Michikichi yetu ya zamani ni dura, ganda nene nyama kidogo, kwenye tunda moja nyama ni kama asilimia 35 mpaka 55. Tenera ni mbegu chotara, ganda jembamba, nyama inaanzia kama asilimia 60 na kupanda. Kampeni kubwa ya michikichi ilizinduliwa huku 2018 na Waziri Mkuu Majaliwa, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya mbegu, na mti unaanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu minne, kwaiyo ile iliyopandwa mwanzo inaleta mikungu sasa hivi.

Sasa mkono uliozoea dura ukikutana na tenera unaharibu. Ganda ni jembamba, ukikaza koni kama ulivyozoea kokwa zote zinapasuka. Ukichanganya dura na tenera pipa moja, moja inaiva na nyingine inabaki, na makapi nayo yanakuwa mengi zaidi kwa tenera kwaiyo mashine ndogo inaziba. Sisi tunatenganisha mapipa, na kijana anayejifunza kwangu lazima akate tunda kwa kisu aniambie hii ipi kabla hajaliweka kwenye moto.

Nani analipia mafunzo? Mimi mzazi sina kitu.

Ada yenyewe ya vyuo vya VETA vya serikali siyo inayoumiza, imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kinachoumiza ni sare, vifaa, nauli na chakula, hivyo uliza chuo wakupe orodha yote kabla hujakopa. Kasulu kuna chuo cha Nyamidaho na Kigoma mjini kipo kingine, kwaiyo siyo lazima mtoto aende mbali. Serikali pia ina programu ya uanagenzi, kijana anajifunza akiwa chuoni na kiwandani kwa kulipiwa, nafasi zinatangazwa na zinajaa haraka, fuatilia matangazo kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Na kuanzia 2024 baadhi ya sekondari zimeanza mkondo wa amali, mtoto anasoma ufundi akiwa bado shule.

Kwa upande wa waajiri kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, analipa mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023 (kabla ya hapo ilikuwa 4). Sehemu ya hela hiyo ndo inaendesha VETA. Viwanda vyetu karibu vyote viko chini ya watu kumi kwaiyo hatulipi, ni nafuu kwetu, lakini angalia na upande wa pili: anayelipa ndo anayeitwa kwenye vikao vya kupanga kozi. Kiwanda kikubwa cha sukari kitasikilizwa, sisi wenye mapipa nani anatuuliza tunataka fundi wa namna gani? Nimewaambia wenzangu mara nyingi tuwe na umoja wetu, watu wanakubali kwenye kikao, kikao kikiisha kila mtu anarudi kwa mashine yake.

Mimi ni mwenye kiwanda. Nikimfundisha mtu akajua, anaondoka kwenda kwa jirani. Kwa nini nijisumbue?

Kaka, au dada, nakuelewa kabisa na mimi wameniondoka. Ila tuongee kama wafanyabiashara.

Kwanza angalia unalipaje. Viwanda vingi huku fundi analipwa kwa dumu, dumu la lita 20 lina bei yake, anayekamua mengi anapata mengi. Mtu anayelipwa kwa dumu hawezi kumfundisha mtu, kila dakika anayomwonyesha kijana ni hela inatoka mfukoni mwake, na kijana akishajua kazi ni mshindani wake. Unategemea afundishe kwa upendo? Mimi nilibadilisha, fundi mkuu anapata dumu zake kama kawaida na anapata hela ya juu kwa kila kijana anayeweza kumaliza pipa zima peke yake, kuanzia kuwasha moto mpaka mafuta kunyamaza, mimi nikiwa nimesimama naangalia bila kusema neno. Tangu hapo nimeona fundi anamwita kijana mwenyewe, "njoo usikie hii sauti."

Pili, mtu haondoki kwa sababu anajua, anaondoka kwa sababu anajua na wewe bado unamlipa kama hajui. Andikianeni, miezi sita ya kwanza ni kiasi hiki, ukiweza moto kinapanda, ukiweza mashine kinapanda, ukiweza kuifungua na kuifunga kinapanda tena. Karatasi moja, saini mbili, shahidi mmoja.

Tatu, naomba sana, usishike cheti cha mtu kama dhamana ili asiondoke. Nimeona inafanyika na inaniumiza. Yule kijana akiondoka usiku bila kuaga, na ataondoka, amepoteza cheti na wewe umepoteza jina.

Walioondoka kwangu wawili wana mashine zao saivi. Mmoja yuko njia ya Ilagala, mzigo ukimzidi ananiletea, spea ikiniishia ananiazima. Hiyo nayo ihesabu.

Nimefanya kazi kiwandani miaka 12, sina cheti chochote. Nimechelewa?

Hujachelewa. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wanakuja kukupima unafanya kazi, wanakuuliza maswali, pale penye pengo wanakufundisha kidogo, halafu unapewa cheti. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu uulize lini wanaandikisha na fani gani, maana haziwi zote kwa wakati mmoja, na kama fani ya mawese yenyewe haipo unaweza kupimwa kwa umakenika au usindikaji. Beba picha za kazi zako na mtu wa kukuthibitisha.

Usiogope ile siku ya kupimwa. Mafundi wengi wa mtaani wanaogopa kalamu kuliko mashine, ila kinachoangaliwa zaidi ni mkono.

Kuna nafasi kwa wasichana?

Mawese ni kazi ya wanawake tangu zamani huku kwetu, wanaume walikuwa wanapanda mti na kukata mkungu, kuchemsha, kutwanga, kuengua ilikuwa ni bibi na mama. Ujuzi wote niliousema hapo juu, ule wa kidole na wa mafuta kunyamaza, mimi nilifundishwa na mama yangu mzazi. Ilipokuja mashine wanaume wakaikimbilia sababu ni chuma na kina mota, na wanawake wakabaki kubeba maji na kupukuchua kwa malipo madogo. Yaani wenye elimu wakawa vibarua.

Kwaiyo jibu ni ndiyo, na zaidi ya ndiyo. Kwangu fundi wa pipa ni dada mmoja ambaye akisema bado, hata mimi mwenye kiwanda siongezi neno. Sasa anajifunza mashine. Kilichokuwa kinamzuia hata siyo nguvu, ilikuwa ratiba, tulikuwa tunawasha mashine saa mbili usiku na yeye ana watoto. Tukasogeza zamu yake ikawa asubuhi. Na choo chenye mlango unaofungwa, tafadhali wenye viwanda, hicho peke yake kimefukuza wasichana wengi.

Lazima niwe nimefaulu hesabu?

Hapana, ila ujue kugawanya na asilimia. Kilo ngapi za chikichi zimeingia, lita ngapi zimetoka, jana ilikuwaje. Tuna daftari limefungwa kamba kwenye nguzo, kila pipa linaandikwa, na kijana asiyeandika hasogei mbele. Wengi wanasumbuka kidogo mwanzoni, baada ya mwezi wanakimbilia wenyewe kuandika sababu wanaona daftari linawatetea: likitokea tatizo linasema ni pipa la nani.

Ni kweli Malaysia walichukua mbegu kwetu Kigoma wakatupita?

Hii kila kijana anayekuja ananiuliza. Historia ya michikichi ya kule inajulikana: miche minne ilipandwa bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, na vizazi vyake ndo vikasambaa, shamba la kwanza la biashara Malaysia likapandwa 1917 huko Tennamaram, Selangor. Kwaiyo hawakutuibia. Mti asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, hilo ni sawa.

Walichotuzidi ni watu. Mwaka 1979 walianzisha taasisi ya utafiti wa mawese peke yake, baadaye 2000 ikaunganishwa ikawa bodi ya mawese ya nchi, na mtu wa kule anasomea kiwanda cha mawese kama sisi tunavyosomea ualimu. Napenda vijana waijue hii vizuri kwa sababu ukiamini umeibiwa mbegu utakaa unadai mbegu, na mbegu Kihinga zipo.

Usalama vipi? Mtoto wangu atarudi mzima?

Mzazi, uliza swali hili kiwanda chochote kabla hujamwacha mtoto, na usiridhike na majibu ya mdomo. Ingia ndani. Angalia mkanda wa mashine, una kikinga au uko wazi? Swichi ya kuzima iko karibu na anayelisha au iko ukuta wa pili? Mapipa ya moto yamekaa njiani? Nilishaona mkanda ulio wazi ukishika kanga ya mama mmoja (siyo kwangu), alipona sababu kanga ilichanika, na kikinga kilichokuwa kinatakiwa pale ni kipande cha bati na boliti nne.

Kwetu hakuna mtu analisha mashine akiwa na nguo inayoning'inia, na hakuna anayesukuma chikichi kwa mkono, kuna mti wa kusukumia. Kijana wa kwanza kuvunja hiyo sheria anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na hapo sina mazungumzo. Uliza pia kama mwajiri anachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Naweza kujifunza kwa video za simu?

Kufungua na kufunga mashine, ndiyo, zinasaidia. Harufu na sauti hapana.

Hayo unayosema ni ya mawese tu, au na mazao mengine?

Kwa ninavyoona ni yale yale kila zao lina pipa lake. Wenzetu wa kahawa kule Matyazo wanahangaika na kuchachusha, masaa mangapi kabla ya kuosha, na hiyo nayo inajulikana kwa kushika, punje ikiacha kuteleza na kuanza kukwaruza imefika. Wa dagaa kule Kibirizi wana chuo cha uvuvi cha FETA hapo hapo ziwani, samaki wako mlangoni, nawaonea wivu kwa hilo. Miwa sijui sana, nawaachia wenye kuijua.

Siku ya kwanza nije na nini?

Viatu vya kufunika vidole, siyo ndala. Nguo za mikono mirefu ambazo hutajali zikipata madoa maana mawese hayatoki. Daftari dogo na kalamu. Kama una cheti lete nakala, halisi iache nyumbani. Namba ya simu ya mzazi au ndugu. Njoo saa kumi na moja na nusu asubuhi, muda huo ndo tunawasha moto wa pipa la kwanza, ukija saa mbili utakuta tumeshafunika na utakaa mpaka la pili.